Kilichomo Ndani ya Kopo

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia



 Tunajua wengine mmetembea tangu alfajiri na wengine mmeacha ng'ombe kwa jirani, kwa hiyo hatutazunguka mbuyu. Leo tunasema juu ya vitu ambavyo kila nyumba inavyo: poda ya mtoto, sabuni, mafuta ya kujipaka. Swali letu ni moja. Kama ndani ya kitu hicho kuna sumu, na aliyekitengeneza alijua, na hakusema, mnunuzi ana haki gani mbele ya sheria?

Tumeliweka swali hili katika mpango wa mwaka kwa sababu kila tukizunguka katika vikundi tunaulizwa juu ya poda. Watu wamesikia redioni kwamba huko Marekani akina mama wamelipwa mabilioni. Wanauliza kama ni kweli, na kama na sisi tunaweza kulipwa. La kwanza ni kweli kwa sehemu. La pili tutalifikia, msiondoke.

Jiwe lililosagwa

Poda nyeupe ya mtoto mliyoizoea, ile yenye harufu nzuri, kwa zaidi ya miaka mia ilitengenezwa kwa jiwe. Jiwe hilo linaitwa talki. Ni laini mno, linachimbwa na kusagwa mpaka linakuwa kama unga. Shida ni kwamba chini ya ardhi talki mara nyingi hukaa pamoja na jiwe jingine, yaani asbesto. Asbesto tunaijua: ndiyo iliyochanganywa katika yale mapaa ya kijivu ya shule na nyumba za zamani. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele. Mtu akizivuta mara nyingi hazitoki, na baada ya miaka 20, 30 au hata 40 zaweza kuleta saratani ya utando unaofunika mapafu. Saratani hiyo ni nadra sana, na daktari akiiona swali lake la kwanza ni kwamba huyu mtu alikutana wapi na asbesto.

Mwaka 1999 mama mmoja wa jimbo la Texas, aliyekuwa na saratani hiyo, aliishtaki kampuni ya Johnson & Johnson. Hakuwa amefanya kazi mgodini wala kiwandani. Alichokumbuka ni poda, aliyojipaka yeye na kuwapaka watoto wake. Wakili wake akaiomba kampuni karatasi za vipimo vya talki yake. Kampuni ikakana kwamba poda ina asbesto, na vipimo hivyo haikuvitoa. Mama hakuwa na kitu kingine cha kushika mkononi, akaiondoa kesi. Alifariki mwaka 2009.

Tafadhali mkumbukeni huyo mama, kwa sababu yaliyofuata ni historia ya karatasi alizonyimwa.

Kesi nyingine zilifunguliwa, mawakili wakaomba tena, na safari hii mahakimu wakaamuru karatasi zitolewe. Mwezi wa Desemba 2018 shirika la habari la Reuters lilichapisha uchunguzi wake uliotokana na maelfu ya kurasa hizo. Lilionyesha kwamba tangu mwaka 1971 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya vipimo vya talki na vya poda yenyewe vilikuta asbesto kidogo, na kwamba wakubwa wa kampuni, wasimamizi wa migodi, wanasayansi, madaktari na mawakili wake walijua na kuhangaika nalo. Miaka ya 1970, serikali ya Marekani ilipokuwa ikifikiria kuweka kipimo cha asbesto katika vipodozi, kampuni iliwahakikishia wakaguzi kwamba hakuna. Haikuwaambia kwamba kati ya 1972 na 1975 maabara 3 tofauti zilikuwa zimeikuta.

Ni haki tuseme na upande wa pili. Kampuni imekana madai haya tangu mwanzo mpaka leo. Inasema talki yake ilikuwa salama, haikuwa na asbesto, wala haileti saratani, na kwamba vipimo hivyo vimesomwa vibaya. Wanasayansi nao hawajakubaliana kuhusu talki isiyo na asbesto. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani. Angalieni neno hilo "huenda". Kuhusu asbesto hakuna huenda.

Sasa hapa ndipo sheria inapotufundisha kitu. Katika kesi kama hii kuna maswali mawili, na watu wengi wanayachanganya. Swali la kwanza ni la daktari: je, poda hii ndiyo iliyomletea mama huyu ugonjwa? Hilo ni gumu, maana saratani haiji na barua ya kueleza ilikotoka. Swali la pili ni la majirani: je, aliyeuza alijua kuna hatari, na aliwaambia wanunuzi? Hilo hata mtu asiyesoma analielewa.

Mwaka 2013, katika jimbo la South Dakota, jopo la raia lilisema kampuni ilifanya makosa kwa kutowaonya wanawake, lakini halikumpa mdai hata senti moja. Miaka 5 baadaye, Julai 2018 mjini St. Louis, wanawake 22 wenye saratani ya ovari walileta kesi yao pamoja. Kufikia hukumu 6 kati yao walikuwa wamekufa. Jopo liliwapa dola bilioni 4.69. Tazameni hesabu yake: dola milioni 550 zilikuwa za kufidia madhara, na zilizobaki, zaidi ya dola bilioni 4, zilikuwa adhabu. Adhabu zaidi ya mara 7 ya fidia! Hasira ya wale raia ilikuwa juu ya kunyamaza kuliko juu ya unga wenyewe. Rufani ikapunguza jumla hadi dola bilioni 2.12, na mwaka 2021 Korti ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kampuni. Pesa zikalipwa.

Msidhani kila kesi ilikwenda hivyo. Nyingine kampuni ilishinda, nyingine zilibatilishwa. Mwezi wa Oktoba 2021 kampuni iliunda kampuni nyingine ndogo, ikaipa mzigo wote wa madai ya talki, na siku 2 baadaye kampuni hiyo ndogo ikaenda kortini kuomba ulinzi wa kufilisika. Kule kwetu tungesema mtu amemwandikia mtoto mchanga madeni yake. Korti zilikataa ujanja huo, mara ya kwanza na ya pili mwaka 2023, na mara ya tatu mwezi wa Machi 2025. Wakati huo wadai walikuwa zaidi ya 60,000.

Na poda je? Mwezi wa Mei 2020 kampuni iliacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada. Nchi nyingine ziliendelea kuuziwa mpaka mwaka 2023. Tangu hapo poda hiyo inatengenezwa kwa wanga wa mahindi. Naam, mahindi haya haya. Walikuwa nayo hiyo ya mahindi huko Marekani tangu miaka ya 1980, wakiuza zote mbili.

Kabla ya kuondoka Marekani, lile swali la kulipwa. Mwezi wa Februari 2016 familia ya mama mmoja wa jimbo la Alabama ilipewa dola milioni 72 na korti ya St. Louis. Mwaka 2017 hukumu hiyo ilifutwa. Kwa nini? Kwa sababu mama huyo hakuishi jimbo lenye korti ile. Kama Mmarekani alikataliwa kwa kuvuka mpaka wa jimbo, wewe wa hapa utafika vipi? Basi akija mtu kijijini na daftari, akisema toeni shilingi 500 kila mmoja mwandikishwe katika kesi ya poda, mpeni chai, kisha mwonyesheni njia aliyojia.

Jirani yangu ni nani

Turudi nyumbani. Je, sheria yetu inasema nini?

Mzizi wake ni kisa kidogo cha Scotland. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, mama mmoja aitwaye May Donoghue aliketi hotelini na rafiki yake. Rafiki akamnunulia soda ya tangawizi, na chupa ilikuwa ya rangi, huoni ndani. Alipomaliza nusu, wakamimina iliyobaki, na konokono aliyeoza akatoka. Mama akaugua. Lakini angemshtaki nani? Mwenye hoteli hakumwuzia yeye, alimwuzia rafiki yake. Mtengenezaji naye hakuwa na mkataba na yeyote kati yao. Kwa sheria ya siku zile kazi ilikuwa imekwisha. Donoghue alikuwa maskini, aliitwa maskini hata katika karatasi za korti, lakini alishikilia mpaka London. Mwaka 1932 majaji 3 dhidi ya 2 walisema mtengenezaji ana wajibu kwa yule atakayetumia kitu chake, hata kama hajawahi kumwona.

Mmoja wa majaji hao, Lord Atkin, alieleza wajibu huo kwa kutumia lile swali ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana wetu katika Injili ya Luka, kabla hajapewa mfano wa Msamaria Mwema. Swali la jirani. Jaji akasema, kwa sheria, jirani yako ni yule ambaye ungeweza kuona mapema kwamba kitendo chako kitamfikia. Tunapenda kuwakumbusha makatekista jambo hili: msingi wa madai ya uzembe katika korti za Kenya, tuliourithi kutoka kwa Waingereza, ulitoka katika ukurasa ambao wao wanaufundisha kila mwaka.

Juu ya mzizi huo tuna Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 46 kinasema mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi bidhaa hiyo, haki ya kulindwa afya yake, na haki ya kufidiwa akiumizwa na bidhaa mbovu. Haki ya habari imo humo, imeandikwa. Kwa hiyo kuficha kilichomo ndani ya kopo ni kuvunja haki ya Katiba, si utovu wa adabu tu. Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012 ikaongeza mengine. Na Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya kundi, wala hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za Katiba. Ada ya kufungua tu, tumesema. Wakili bado ana tumbo.

Je, hayo ni maneno ya vitabuni? Waulizeni watu wa Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge kule Mombasa. Kilichowadhuru hakikuwa cha dukani, kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, kilichomwaga madini ya risasi katika hewa na maji yao. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga aliugua, akatibiwa magonjwa ya kawaida bila kupona, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Yeye na majirani walikwenda kortini. Mwezi wa Julai 2020 korti ya Mombasa iliwapa shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikawanyang'anya. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Si safari fupi, na waliozikwa njiani hawakuona mwisho. Lakini mnaona silaha yao ilikuwa nini? Damu iliyopimwa, majibu yaliyoandikwa, na watu waliosimama kwa pamoja.

Sabuni ya kung'arisha

Sasa tuseme lile ambalo akina mama hawapendi tuliseme mbele ya wanaume. Mafuta na sabuni za kujichubua.

Zebaki ndiyo inayofanya baadhi yake kung'arisha ngozi. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Pia inaingia katika damu, inaharibu figo, inaleta kutetemeka mikono, kukosa usingizi na kusahau. Mama akijipaka, mtoto anayembeba naye anaipata, kwa shavu, kwa taulo, kwa shuka.

Kulikuwa na daktari Mjapani, Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuwashughulikia watu wa Minamata, mji ambao kiwanda kilimwaga zebaki baharini na wavuvi wakalemaa. Alikuja huku Ziwa Victoria na wenzake kupima nywele za watu, wakihofu kwamba zebaki ya machimbo ya dhahabu imeingia katika samaki. Matokeo yao kuhusu Kenya yalichapishwa mwaka 2001. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi sana hawakuipata kwa samaki. Waliipata kwa sabuni, na sabuni hiyo ilitengenezwa Ulaya.

Hapa ndipo panapouma. Ulaya ilikuwa imekataza zebaki katika vipodozi vya watu wake tangu mwaka 1976. Lakini sabuni hiyo iliendelea kutengenezwa huko kwa ajili ya kuuzwa nje, mpaka sheria yao ya mwaka 2003 ilipofunga mlango huo. Basi tukiuliza lile swali la St. Louis, kama mtengenezaji alijua, jibu tunalo. Alijua vya kutosha hata asiwauzie wa nyumbani kwake.

Mwaka 2013 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na mwaka 2023 yalikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome kufikia mwaka 2025. Lakini soko la Jumanne halisomi mikataba. Kwa hiyo somea mwenyewe. Tafuta katika lebo maneno kama mercury, mercuric, mercurous, calomel au mercurio. Ukiona lebo inakuonya uvue pete na mkufu, usiyaguse madini ya fedha, dhahabu au alumini, shuku, maana zebaki hula madini hayo. Na kopo ambalo halisemi kabisa kilichomo, wala nani amelitengeneza, usililipie. Ukikutwa na tatizo huna hata wa kumshtaki.

Ila si kweli kwamba huna mtu kabisa. Sheria ya Kuuza Bidhaa, Sura ya 31, inamshika muuzaji. Aliyekuuzia katika biashara yake anawajibika kwamba kitu kinafaa kwa kazi yake, hata kama hakujua kilichomo. Mwenye duka atasema yeye alinunua Nairobi. Sawa, naye amshtaki wa Nairobi.

Na sisi tunauza nini?

Tunaona vichwa vinatikisika kwa furaha. Lakini ngojeni kidogo. Hapa ndani ni vikundi vingapi vinaweka duka? Ni vingapi vinatengeneza sabuni ya maji?

Tangu tuanze tumejiona kama yule mama wa soda. Siku ya soko sisi ndio wenye kiwanda cha soda. Sabuni yetu ya maji tunaitengeneza kwa kemikali tunazonunua mjini kwa lita: ungarol, asidi ya saluniki, kostiki soda, rangi, manukato. Na wengi wanatia fomalini ili sabuni isioze. Mwalimu aliyetufundisha alisema tutie, tukatia, na kipimo ni kifuniko cha chupa au jicho la mwenyekiti. Fomalini ni ile ile inayohifadhi maiti. Mvuke wake unachoma macho na kifua, ngozi za wengine zinaikataa na kuwasha, na mwaka 2004 lile shirika la kimataifa la saratani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo hakika vinaleta saratani kwa mtu. Hatusemi kila aliyeoshea vikombe kwa sabuni yetu ataugua. Anayeathirika zaidi pengine ni yule mama anayeikoroga ndani ya chumba kisicho na dirisha. Tunachosema ni kwamba mnunuzi hajui, na sisi tunajua.

Halafu tunaijaza katika chupa za soda. Rangi ya kijani, au ya machungwa, au nyekundu, bila lebo, na inawekwa chini ya meza jikoni. Mtoto wa miaka 2 anaona soda. Anayetengeneza kwa kostiki soda anajua inavyochoma mkono, fikirieni koo.

Mtoto wa mtu akiumia, wakili wa baba yake atauliza maswali yale yale. Mlijua? Mliandika wapi? Karatasi za vipimo ziko wapi? Na kikundi kitajibu kwamba sisi ni maskini, ni kikundi cha kujisaidia tu. May Donoghue pia alikuwa maskini, na sheria haikuwekwa kwa ajili ya upande mmoja wa kaunta. Tena kikundi chetu hakina kampuni ndogo ya kusukumia madeni. Mbuzi za wanachama ndizo zitakazohesabiwa.

Kwa hiyo tunawaomba vikundi vya sabuni mfanye haya kabla ya soko lijalo. Nunueni vyombo vyeupe vya plastiki, acheni chupa za soda kabisa. Bandikeni karatasi, hata ya kuandikwa kwa mkono na kufunikwa kwa selotepu: jina la kikundi, vilivyomo, tarehe, namba ya pipa, na onyo la kuweka mbali na watoto. Fomalini iacheni, tengenezeni kidogo kidogo ya kuisha kwa wiki chache. Katibu awe na daftari la kila pipa: kemikali gani, kiasi gani, ilinunuliwa wapi, risiti ipo. Na anzeni safari ya kuomba alama ya ubora ya KEBS. Najua mtasema ni ghali. Ulizeni, maana kuna nafuu kwa biashara ndogo, na ofisi yetu itawasaidia kujaza fomu.

Namba ya pipa mnaona ni mzaha? Mwezi wa Oktoba 2019 wakaguzi wa serikali ya Marekani walikuta asbesto katika chupa moja ya ile poda. Kampuni ilirudisha bechi nzima, chupa kama 33,000, ingawa baadaye ilisema vipimo vyake yenyewe havikuona kitu. Waliweza kuzijua chupa hizo kwa namba tu. Mama aliyekuwa amehamishia poda yake katika kopo zuri la maua hakuweza kujua kama yake ni mojawapo.

Hilo linatupeleka kwa upande wa kununua, na hapa tutakuwa wafupi kwa sababu chakula kimeiva. Kitu kikikudhuru usikitupe. Hasira yetu ya kwanza ni kutupa chooni, na hapo ushahidi umekwenda. Funga kopo, liweke mahali mtoto hafiki, lebo na namba zake zionekane. Tafuta risiti, au ujumbe wa M-Pesa uliolipia, huo nao ni risiti. Zahanati waambie ulichojipaka na uombe waandike katika kadi yako, si kukuambia kwa mdomo. Uliza jirani kama naye amedhurika, maana malalamiko ya mtu 1 yanaitwa mzio, ya watu 15 yanaitwa kesi. Pelekeni malalamiko kwa barua na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Msikae. Kwa sheria yetu, dai la kuumizwa kwa uzembe lina miaka 3, na dai la mkataba miaka 6. Kama hukuweza kujua jambo muhimu kwa sababu lilifichwa, au ugonjwa ulichelewa kuonekana, korti yaweza kukuongezea muda, lakini lazima uombe na ueleze. Asiye na pesa ya wakili aanze na ofisi ya Haki na Amani ya jimbo letu, au Kituo cha Sheria, ambacho kimewasaidia maskini tangu mwaka 1973, au ofisi za msaada wa sheria za serikali zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kama ni kurudishiwa bei ya mafuta mabovu tu, kuna Mahakama ya Madai Madogo katika miji mingi, ambapo unaweza kujisimamia mwenyewe.

Mkutano wa mwezi ujao kila kikundi kilete makopo 3 kutoka nyumba za wanachama, yawe tupu au yamejaa, na kila kikundi cha sabuni kilete chupa moja jinsi inavyouzwa sokoni, bila kuitengeneza upya kwa ajili yetu. Tutayapanga juu ya meza hii na kusoma lebo kwa sauti, za wazungu na za kwetu. Watakaokuwa na miwani wasiisahau, maandishi ni madogo.